Ukisema "namwachia Mungu", umemwachia nini?

Mama anayenishonea nguo hapa Nakuru ana cherehani mbili, lakini ukimuuliza atakwambia ana tatu. Ya tatu iko kwa mtu. Ilibebwa wiki ya mwisho ya Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mlango wa kibanda chake ulipovunjwa, na kwa muda mrefu hakujua ilikoishia. Siku moja, akipita nyuma ya ploti fulani si mbali na anakokaa, akaisikia. Hakuiona, aliisikia. Cherehani ya miguu ikikaa na mtu miaka mingi huwa na sauti yake, na hii iliwahi kuanguka kutoka kwenye mkokoteni, gurudumu likapinda kidogo, ikawa kila mzunguko ukitimia inakwaruza mara moja: krr. Alisimama pale kichochoroni na mfuko wake wa sukuma wiki, akahesabu krr tatu, nne, kisha akaenda zake.

"Ukafanya nini?"

"Nikamwachia Mungu." Alisema hivyo pini zikiwa mdomoni, ananipima kola.

Maneno hayo tunayasema kila siku. Utayasikia matangani, utayasikia kwenye ngazi za mahakama kesi ikiahirishwa kwa mara ya sita, utayasikia kwenye matatu ya kwenda Kisumu mtu akigundua simu yake haipo mfukoni. Na kwa kuwa yanasemwa sana, yamebebeshwa mizigo isiyofanana. Kwa mmoja ni imani, kwa mwingine ni uchovu tu, na kwa wa tatu ni laana iliyovishwa kanzu. Kakake huyu mama alimwambia, "Wewe sema tu, vijana wapo." Mchungaji wake akamwambia asamehe na asahau. Mimi naona wote wawili walikosea, na ili kuonyesha walipokosea inabidi turudi kwenye maandiko yenyewe, polepole.

Tuanze na neno kisasi, maana nusu ya mkanganyiko inatoka hapo. Tumelitoa kwa Waarabu, na kwao, katika lugha ya sheria, kisasi ni adhabu inayolingana na kosa, inayotolewa na mwenye mamlaka baada ya ushahidi kusikizwa. Zile vita za damu za ukoo kwa ukoo walikuwa na jina lingine kabisa kwazo. Neno lilipoingia katika Kiswahili likapoteza hakimu wake njiani. Leo kisasi ni chochote: kuchoma nyumba, kumwaga maji machafu mlangoni pa jirani, hata timu iliyofungwa mwezi uliopita ikirudi kushinda, mtangazaji atasema imelipiza kisasi. Kwa hiyo mtu akisoma Kurani, sura ya 2 aya ya 179, kwamba katika kisasi mna uhai, akaisoma kwa Kiswahili cha mtaani, atadhani ameruhusiwa kutoka na panga. Aya inasema kinyume. Uhai unapatikana kwa sababu damu imeondolewa mikononi mwa wenye hasira ikawekwa chini ya sheria, na hata hapo ndugu wa aliyeuawa wana njia tatu: kudai adhabu, kupokea diya, yaani fidia ya damu, au kusamehe. Sura ya 42, aya ya 40, inakwenda mbele zaidi: malipo ya ubaya ni ubaya mfano wake, ila anayesamehe na kusuluhisha, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Hapa Kenya, kwa taarifa tu, mahakama za kadhi hazigusi jinai kabisa. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaziachia ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu.

"Jicho kwa jicho" nayo imeonewa vivyo hivyo. Watu huinukuu kana kwamba inamwambia mtu akatafute jicho. Lakini kabla ya sheria ya Musa, Biblia imetuonyesha mtu aliyekuwa na hesabu yake mwenyewe: Lameki, Mwanzo 4, akijigamba mbele ya wake zake kwamba amemuua mtu kwa kumjeruhi tu, na kwamba yeye atalipiwa kisasi mara sabini na saba. Ukitoka kwa Lameki ukafika Kutoka 21, unaona "jicho kwa jicho" ni dari. Jicho moja, basi. Si macho mawili pamoja na nyumba, ng'ombe na binamu zake. Tena sheria ile iliwekwa mbele ya waamuzi. Haikuwa ruhusa ya kila mtu na kisu chake. Na Petro alipomuuliza Yesu asamehe mara ngapi, akajibiwa saba mara sabini, aliyeijua hadithi ya Lameki alisikia hesabu ile ya zamani ikigeuzwa kichwa chini, miguu juu.

Sasa tufike kwenye mstari ambao wahubiri wetu wameushika zaidi, Warumi 12:19: "Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu, maana imeandikwa, Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana."

Angalia kitenzi walichochagua waliotutafsiria: ipisheni. Kigiriki kinasema ipeni nafasi, na Kiswahili kikapata neno zuri kuliko hilo. Nenda stendi ya Nakuru saa kumi na mbili jioni uone maana yake. Mtu amesimama mlangoni mwa matatu, hapandi, hashuki, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye simu, na nyuma yake kuna mwenye mzigo anayetaka kupita. Makanga hamwambii arudi nyumbani. Hamwambii kwamba safari imefutwa. Anampigia kelele, "Pisha! Pisha!" Kwa hiyo Paulo hasemi kosa ni dogo, wala hasemi hasira yako ni ya kubuni, wala hasemi deni limefutwa. Anasema yupo mwenye dai kubwa kuliko lako anayetaka kupita, na wewe umeziba mlango. Hata ahadi yenyewe inayofuata si "mimi nitasahau". Ni "mimi nitalipa".

Watu wanaosema fundisho hili ni la wanyonge hawajafika kwenye nusu hiyo ya pili ya mstari. Lakini wapo wanaoliamini na bado wanauliza, na ni swali la haki: kwa nini nipishe? Mimi ndiye niliyeumia, ninajua uchungu wake kuliko hakimu yeyote.

Jibu moja liko hapa hapa Bonde la Ufa. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Uchungu ule ulikuwa wa kweli. Sitaki mtu ausome mstari huu akidhani naupunguza. Kisha mwisho wa mwezi uleule ghasia zikafika Nakuru na Naivasha, na neno lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa kulipiza. Tarehe 27 Januari, mtaa wa Kabati kule Naivasha, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja, watoto wakiwemo. Watoto wale hawakuchoma kanisa lolote. Kosa lao lilikuwa lugha iliyozungumzwa nyumbani kwao. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba mwaka huohuo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote, na ukiisoma sehemu ya Nakuru na Naivasha utaona waliolipa hawakuwa waliokopa.

Aliyeumia anajua uchungu, ni kweli, lakini uchungu haumwambii ni nani hasa, alifanya nini, na kwa kiasi gani. Ndiyo hali ya pale Kondele, Kisumu, mtu akipiga ukelele wa "mwizi!" na pikipiki kumi zikageuka kwa pamoja. Kufikia mtu wa kwanza kuuliza "ameiba nini?", tairi limeshaletwa. Torati ililijua tatizo hili mapema. Hesabu 35 inaamuru itengwe miji sita ya makimbilio, ili mtu aliyeua akimbilie huko asiuawe na mlipiza kisasi kabla hajasimama mbele ya mkutano kuhukumiwa. Miji ile haikuwekwa kumficha muuaji, maana akionekana aliua kwa makusudi hakulindwa. Iliwekwa kuchelewesha mkono. Januari ile uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho hapa Nakuru ulijaa watu, blanketi na masufuria, na nikisoma Hesabu 35 siku hizi ndiyo miji ninayoiona.

Hapo kaka mtu na vijana wake nimewajibu. Mchungaji naye?

Warumi 12 haiishi pale tulipozoea kufunga Biblia. Paulo hakuandika sura. Namba za sura ziliwekwa zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Kwake yeye barua iliendelea moja kwa moja, na mistari michache tu mbele, katika Warumi 13, anasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu, hauchukui upanga bure, naye humwadhibu mtenda mabaya. Yaani ghadhabu iliyopishwa mlangoni ina njia inazopitia hapa duniani kabla ya siku ya mwisho, na mojawapo ni mahakama. Kwa hiyo kwenda kituo cha polisi ukaandikiwa namba ya OB, lile daftari lao la matukio, si kulipiza kisasi. Kutoa ushahidi si kulipiza kisasi. Paulo mwenyewe alipofungwa Filipi bila kuhukumiwa, wakuu wa mji wakataka kumtoa kimyakimya, aligoma: waje wenyewe watutoe. Na baadaye, mbele ya Festo, akakata rufani kwa Kaisari.

Tena kuna Walawi 19. Mstari wa 18 ndio tunaoupenda: usifanye kisasi, usiweke kinyongo, umpende jirani yako kama nafsi yako. Mstari wa 17, ulio juu yake kwa sentimita moja, unasema usimchukie ndugu yako moyoni, bali yakupasa umkemee. Amri ya kutolipiza imetanguliwa na amri ya kusema! Na Daudi, 1 Samweli 24, alipomkuta Sauli pangoni na watu wake wakimnong'oneza kwamba siku yake imefika, hakumuua. Alikata upindo wa vazi lake. Watu huhubiri mpaka hapo. Lakini Daudi alitoka nje ya pango, akamwita mfalme kwa sauti mbele ya askari wote, akainua kile kipande cha nguo, akaeleza kosa lake hasa ni lipi, kisha ndipo akasema Bwana ataamua kati yetu, ila mkono wangu hautakuwa juu yako. Alimwachia Mungu kesi iliyokamilika, na kielelezo mkononi.

Sisi tumefundishwa kumwachia Mungu faili tupu. Kubali yaishe. Mkiongea mnafufua makaburi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa rais Mei 2013. Machi 2015 rais aliomba radhi bungeni kwa dhuluma za nyuma na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Mengi ya yaliyopendekezwa yakabaki kwenye karatasi. Anayemwambia mjane wa 2008 asamehe na asahau, huku hata jina la mumewe halijasomwa mahali popote kwa sauti, anamwomba amsaidie mkosaji kulala usingizi.

Kuna fundo gumu zaidi. Vipi ikiwa ule upanga wa Warumi 13 ndio uliokukata? Kisumu wanalijua swali hili kuliko sisi wa Nakuru, kwa maana wengi wa waliokufa huko mwaka 2008 walikufa kwa risasi. Na Agosti 2017 katika mtaa wa Nyalenda, mtoto wa miezi 6 alipigwa ndani ya nyumba yao polisi walipokuwa wakisaka waandamanaji usiku, akafariki siku chache baadaye. Hapo nani anamshtaki nani, na kwa nani?

Mfano wa Luka 18 uliandikwa kwa ajili ya hali hiyo, ingawa huwa tunauhubiri kama mfano wa maombi tu. Hakimu aliyemo hamchi Mungu wala hajali watu. Mjane hana rungu wala hana vijana. Anachofanya, Kiswahili cha Biblia kinasema, ni kumwendea-endea: "Nipatie haki na adui wangu." Yesu hakumlaumu kwa kukosa subira, wala hakumwambia arudi nyumbani amwachie Mungu. Kumwendea-endea kwake ndiko kumwachia Mungu kwenyewe. Kesi ya yule mtoto wa Nyalenda iliendewa-endewa. Mwaka 2019 hakimu wa Kisumu, baada ya uchunguzi wa kifo, aliwaona makamanda wa polisi kuwa wanastahili kuwajibika, na 2022 mkurugenzi wa mashtaka akaidhinisha maafisa kushtakiwa. Ni polepole mno, na sitamwambia mzazi yeyote kwamba inatosha. Hakuna nyumba ya askari iliyochomwa kwa ajili yake, na kesi haikuzikwa.

Huku magharibi wapo wanaoipishia mbali zaidi. Marafiki, wale Waquaker waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902, kwa mapokeo yao hawashiki silaha hata kwa amri ya serikali. Ni msimamo ambao makanisa mengine mengi hayakubaliani nao, lakini ukiwa Vihiga utawasikia wazee wakiutetea bila kupandisha sauti.

Sasa ile laana iliyovishwa kanzu. Umeshawahi kwenda kesha ya Ijumaa? Kuanzia saa nane usiku maombi hubadilika. "Rudi kwa mtumaji! Moto! Aliyenichimbia shimo alale humo!" Watu wanapiga miguu mpaka mabati yanaitika. Mchambuzi mwenye viatu safi atacheka, lakini kabla ya kucheka asome Zaburi ya 109, ambayo ni kali kuliko kesha yoyote ya Nakuru. Maombi ya namna hiyo yamo ndani ya Biblia, na nadhani yamo kwa sababu nzuri: mtu anayemwambia Mungu mambo ya kutisha hajaenda kuyafanya. Hasira imehamishwa kutoka mkononi kwenda mdomoni, tena mbele ya hakimu anayeweza kukataa ombi. Waislamu nao wameonywa waiogope dua ya aliyedhulumiwa, maana hakuna pazia kati yake na Mwenyezi Mungu.

Tatizo linaanza asubuhi, mwombaji akianza kuchungulia. Tuna msemo wetu, malipo ni hapa hapa duniani, na ukiutumia vibaya unageuka kuwa ratiba anayopangiwa Mungu. Jirani akiugua, unahesabu. Mtoto wake akianguka mtihani, unahesabu. Mithali 24:17 inakataza waziwazi kufurahi adui aangukapo, na Zaburi ya 73 inakubali bila aibu kwamba waovu wengi wananenepa, hawapati taabu kama watu wengine, na hata kufa kwao hakuna maumivu. Anayengoja ajali ya adui yake bado amesimama mlangoni mwa matatu. Amebadilisha tu upande anakoangalia.

Na yale makaa ya moto? Paulo anasema mlishe adui mwenye njaa, maana "utampalia makaa ya moto kichwani pake". Nimesikia ikihubiriwa kwamba ukimpa chapati, Mungu anamwongezea kuni jehanamu. Hiyo ni chapati ya sumu. Wafasiri wengi wanayaona makaa kama aibu inayomchoma mtu mpaka atubu, na mstari unaofuata, wa kuushinda ubaya kwa wema, unawaunga mkono. Mimi hukumbuka tu kwamba zamani kijijini, moto ukizimika, ulituma mtoto kwa jirani na kigae akaletee makaa. Asiyepewa alilala njaa.

Jambo moja zaidi, kwa sababu linawatesa wengi: kusamehe hakulazimishi urafiki. Wahshi ndiye aliyemuua Hamza, ami yake Mtume Muhammad, katika vita vya Uhud mwaka 625. Baada ya Makka kufunguliwa mwaka 630 alikuja akasilimu, na hakuguswa. Lakini Mtume alimuuliza kama angeweza kumwepushia uso wake. Aliyesamehewa akaishi, na aliyesamehe hakulazimika kunywa naye chai.

Nilimweleza mshonaji wangu haya yote, au karibu yote, wiki iliyopita nilipokwenda kuchukua koti. Alisikiliza kwa adabu kama wanavyosikilizwa watu wanaosoma sana. Kisha akafungua Biblia yake, akanitolea karatasi iliyokunjwa mara nne: namba ya OB, ya 2008. Sikujua kama aliwahi kuripoti.

"Yule baba alifiwa na mke mwaka jana," akasema. "Daftari la mchango likapitishwa. Nikaandika mia mbili, nikaenda matanga, nikaosha vyombo. Wiki mbili zikapita, nikaenda tena. Nikamwambia, pole kwa msiba, Baba. Na ile cherehani inayolia krr ni yangu, na bado naitaka."

"Akasemaje?"

"Geuka," akasema. "Inua mikono nipime kifua. Umenenepa."